Ukuta wa Magharibi wa Koti ya Kyandula

Nyinyi vijana mnaotaka kurithi kazi yetu ya kutunza koti ya zamani, ile nyumba ya mahakama, hapa Kyandula, jambo la kwanza si kushona fulana za kikundi. Nimeona mmeshazishona. Ni nzuri, na rangi inapendeza. Sasa zivueni, mziweke mahali pasafi, mvae kitu cha kuchafuka, mje niwaonyeshe udongo.

Mwenyekiti wenu alikuja na simu akitaka niseme, simu inishike sauti. Nikamwambia niletee daftari. Shule nilienda miaka miwili tu, halafu mbuzi wakanihitaji zaidi ya mwalimu, kwa hivyo ninaandika polepole na mstari unapanda mlima. Lakini majina ya watu hayajawahi kunipotea. Mwenye kalamu anaweka jina kwenye karatasi kisha analisahau. Mimi sikuwa na karatasi.

Tuanze na udongo. Unachukua wa kichuguu, kwa sababu mchwa ameshausaga kuliko utakavyousaga wewe. Unachanganya na mchanga wa mtoni na mavi ya ng'ombe, yale mabichi, na usikunje pua. Unatia maji, unakanyaga kwa miguu, unaulaza siku mbili. Kisha unaviringisha kipande kinene kama dole gumba, unakishika ncha moja kininginie. Kikikatika mara moja, mchanga umezidi. Kikininginia tu kama nyoka aliyeshiba, mchanga ni kidogo, na ukuta utapasuka. Tunataka kininginie kidogo, kifikirie, ndipo kikatike. Na kabla ya kupaka, lowesha ukuta. Ukuta mkavu unanyonya maji ya udongo wako, na kesho yake unakuta umelala chini.

Mambo haya alitufundisha Fundi Athumani wa Kitui mjini. Lakini kabla ya yeye kutufundisha, tuliharibu.

Niwaeleze kwanza sisi tulikuwa nani. Tulikuwa mwethya, wanawake ishirini na wawili, na nikitaka ninaweza kuwataja wote, lakini mwenyekiti wenu amesema daftari ni moja. Mwethya ni majirani wanaolimiana kwa zamu. Leo tunachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwangu, kesho kwako, na hakuna anayelipwa ila chakula na wimbo. Kiongozi wetu alikuwa Kalunde, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo akikuita kutoka ng'ambo ya mto unajibu hata kama umeamua kutojibu.

Koti ilikuwa nyumba ya mahakama ya wazee, tangu wakati wa mkoloni. Chumba kimoja kirefu, veranda mbele, matofali ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, mabati juu. Baada ya uhuru kesi zilihamia mjini, nyumba ikabaki na popo. Sisi tukaomba ruhusa kwa chifu tuweke majembe yetu mle. Mvua ikanyesha, bati likavuja, majembe yakashika kutu. Tukapanda tukaziba. Mwaka uliofuata ukuta ukamomonyoka, majembe yakaonekana barabarani. Tukakandika. Watu siku hizi wanakuja na kamera wananiuliza, mama, mlijuaje thamani ya historia? Sisi hatukuwa na habari ya historia. Tulikuwa na habari ya majembe.

Sasa kosa la kwanza. Mwalimu mkuu alikuwa amejenga darasa, akabakiwa na mifuko miwili ya simiti, akatupa. Kalunde akasema, "Kukandika kila mwaka kumetuchosha. Tupake simiti mara moja, tusahau." Tulipaka ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na mvua. Ulikauka ukang'aa kama sahani. Tuliimba mbele yake mpaka wauza nyanya wakaacha nyanya zao wakaja kuimba.

Mvua ndefu zilipokuja, maji yalipenya kwa juu, yakaingia nyuma ya simiti, yakakosa pa kutokea. Ukuta ukavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula mahindi mabichi. Siku moja ya soko, saa nne asubuhi, ile simiti yote ikatoka kwa kipande kimoja, ikaanguka puu! juu ya jogoo wa Muli. Huyu Muli alikuwa mwenye duka mkabala na koti. Mkumbukeni Muli, tutarudi kwake. Alimlilia yule jogoo kuliko tulivyoulilia ukuta.

Fundi Athumani alikuwa hapo dukani akitengeneza sakafu ya Muli. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, babu zake walitoka pwani na misafara ya biashara wakabaki Kitui. Alivuka barabara, akaokota kipande cha simiti, akakigeuza. Nyuma yake ilikuwa imenata chokaa ya zamani ya ukuta.

"Nani fundi wa kazi hii?"

"Ni sisi," Kalunde akasema.

"Nyote?"

"Nyote."

"Mashaallah. Kosa la mtu mmoja huwa dogo. Hili mmesaidiana." Akatuonyesha ukuta. "Bibi zangu, tofali la udongo linapumua. Linakunywa maji, linayatoa. Nyinyi mmelivisha koti la mvua kisha mkalifunga vifungo mpaka shingoni. Udongo hutibiwa kwa udongo."

Kuanzia siku hiyo alikuja kila alipopata kazi upande wetu, akatufundisha bila malipo, ila kwa matusi ya heshima. Mbithe, mdogo wetu kuliko wote, alipopaka udongo mnene sana, Fundi aliuliza kama anapaka ukuta au anaulisha.

Lakini siku ile simiti ilipoanguka, kuna kitu kingine kilionekana. Matofali ya ukuta wa magharibi yalikuwa na alama. Kila tofali alama yake, iliyobonyezwa kabla halijakauka. Hili mistari mitatu ya kidole, lile duara, lingine msalaba uliolala. Fundi Athumani akayapapasa.

"Haya ni nini?"

Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyejua. Mimi nikajifunga leso vizuri, nikasema, "Ni mapambo tu, Fundi. Watu wa zamani walipenda mapambo." Kisha nikachota udongo nikaanza kupaka hapo hapo, kuanzia katikati, mahali palipokuwa na alama ya madole gumba mawili yaliyokaa pamoja kama macho ya bundi.

Nilidanganya. Nilijua kila alama.

Niwaambie nilijuaje. Nilipokuwa mtoto, koti haikuwa imepakwa chochote kwa nje, matofali yalikuwa uchi; chokaa ilikuja baadaye. Siku za soko nilipita hapo na susu, nyanya yangu, mama wa mama. Susu Mwikali alikuwa na mchezo wake. Alishika mkono wangu akaupitisha kwenye ukuta, tofali moja moja, huku akitaja. Kwa maana ile koti ilijengwa na wakosaji. Mtu aliyeshtakiwa mbele ya wazee akashindwa, na hana mbuzi wa kulipa faini, alipewa kazi ya matofali. Karani hakutaka matofali ya huyu yachanganyike na ya yule, kwa hivyo kila mtu aliweka alama ile ile aliyokuwa akiweka kwenye mizinga yake ya nyuki. Mnajua kila nyumba ilikuwa na alama yake ya mzinga. Kwa hivyo ukuta ule ni orodha. Susu aliifahamu yote, na mimi nikaifahamu kama watoto wengine walivyofahamu nyimbo.

Na yale macho ya bundi yalikuwa ya baba yangu, Kimeu.

Baba alituambia siku zote, "Ile koti niliijenga kwa mikono yangu." Hakudanganya. Aliikatiza hadithi mapema tu. Nami nilipokua nikaongeza: baba yangu alikuwa fundi wa serikali. Nilisema hivyo kwenye harusi. Nilisema kwenye matanga yake, mbele ya mchungaji, na watu wakasema amina. Kwenye mwethya nilipewa heshima ya kuwa mkuu wa kukandika kwa sababu mimi ni binti ya fundi. Sasa ningesema nini? Nilichofanya ni kuomba ule ukuta wa magharibi uwe wangu. Kila mwaka niliupaka peke yangu, na nilipofika kwenye macho ya bundi niliongeza kidogo. Mwishowe ukuta ukaota kitambi. Haukuwa msingi uliosogea, kama wenzangu walivyodhani. Ni mimi.

Basi miaka ya themanini Muli akachaguliwa kansela, yaani diwani wetu. Muli hakuwa mtu mbaya, na ninasema hivyo si kwa sababu wajukuu wake watasoma. Alikuwa mtu wa kupenda vitu virefu. Akataka pale penye koti pawe na msururu wa maduka ya mawe, na veranda ya simiti. Akasimama sokoni akasema, "Hii nyumba ni udongo. Trekta likikohoa karibu nayo inaanguka. Tunazuia maendeleo kwa ajili ya majembe?" Na watu wengi walikubali, kwa maana kweli, nani alitaka udongo wakati kuna mawe?

Kalunde alipanda basi hadi Kitui, akazungushwa ofisi tatu, akarudi na habari. Kule Nairobi kuna ofisi inayoandika nyumba za zamani. Ofisa akija akaridhika kwamba nyumba ni ya zamani kweli, inaandikwa kwenye orodha ya serikali, na hakuna kansela wa kuigusa. Asiporidhika, basi. Walikuwa wamekubali kumtuma mtu Alhamisi, siku ya soko. Muli naye alikuwa ameshakodi trekta la Jumatatu.

Sasa sikilizeni kosa la pili, ambalo ni kubwa kuliko simiti. Nyinyi mnaomjua Mkamba mtalielewa.

Mgeni anakuja. Mgeni kutoka Nairobi! Mwanamke gani wa hapa anapokea mgeni kwenye nyumba isiyokandikwa? Tulianza Jumatatu. Tulikandika kuta zote nne, ndani na nje, kwa udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa. Tukachora chini mkanda wa majivu meupe, na juu maua. Bati tulilisugua kwa mchanga mpaka likatoa kutu yote, na palipotoboka tukabadilisha. Mlango ulikuwa umechorwachorwa na visu vya watu waliosubiri kesi zao, herufi na picha za ng'ombe. Mbithe alipata msasa na nusu mkebe wa rangi ya kijani iliyobaki zahanati. Kufika jioni mlango haukuwa na ng'ombe hata mmoja. Lile benchi la wazee, lililokuwa na mashimo ya makalio ya miaka mingi, fundi seremala alilipiga randa likanyooka. Tulirudi nyuma tukatazama. Kalunde alitokwa na machozi. Akasema, "Hata bibi arusi hajawahi kupambwa hivi."

Alhamisi asubuhi Fundi Athumani akafika na basi la kwanza, ili awe nasi ofisa akija. Alishuka, akatembea hatua kumi, akasimama. Akavua kofia. Akakaa juu ya jiwe.

"Fundi, vipi? Unaumwa?" nikamuuliza.

"Mama Mutuku, ofisa anakuja kuona nini?"

"Koti ya zamani."

"Na nyinyi mmeipeleka wapi?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Tulitazamana, wanawake ishirini na wawili, kila mmoja na kucha zenye udongo mwekundu. Mbithe akasema kwa sauti ndogo, "Labda rangi ya mlango haijakauka, tunaweza kuifuta?" Ilikuwa imekauka. Rangi ya zahanati ilikuwa nzuri.

Ofisa alifika saa tano kwa Landrova. Kijana mpole, miwani, jina lake Onyango, faili kwapani. Aliipita koti. Akaenda akasimama mbele ya posho mili, ile mashine ya kusaga mahindi, akaitazama sana. Kalunde akamkimbilia.

"Karibu, bwana ofisa. Ni huku."

"Ahsante mama. Nimekuja kuona ile koti ya zamani."

"Ndiyo hii."

Alitazama maua. Alitazama mlango wa kijani. Alimtazama Kalunde.

"Nilimaanisha ile ya zamani."

"Ndiyo hii hii. Tumeipamba kwa ajili yako."

"Na kabla ya kuipamba, hakuna mtu aliyeipiga picha?"

Hakuna. Akauliza tena, "Kuna karatasi yoyote ya wakati ule, mkataba, rekodi za kesi?"

"Zilikuwepo," Mbithe akasema. "Mchwa alizimaliza."

Muli alikuwa ameshavuka barabara na tai yake, na soko zima nyuma yake. "Bwana ofisa, pole kwa safari. Ningekuandikia barua usihangaike. Hili ni jiko la akina mama, wanalijenga upya kila mwaka. Hata harufu ya rangi si unaisikia?" Watu wakacheka. "Karibu dukani unywe soda, kabla ya jua kukuunguza."

Onyango alijaribu. Nitamheshimu kwa hilo. Alizunguka nyumba mara mbili, akagonga kuta. Kuta tatu zilikuwa na plasta ya zamani ya chokaa chini ya udongo wetu, ngumu kama jiwe. Angetaka siku nzima na patasi, na alikuwa bado na safari ya kwenda Mwingi. Akafungua faili, akaandika mstari mmoja. Akasema kwa huzuni, "Mama zangu, kazi yenu ni nzuri sana. Shida ndiyo hiyo." Akafunga faili.

Wote walikuwa wakimtazama Onyango. Mimi nilikuwa ninautazama ukuta wa magharibi. Ule hauna chokaa. Chokaa yake ilitoka na simiti. Mle ni udongo tu, udongo wangu, na udongo ukiulowesha unatoka. Chini yake kuna kila kitu anachokitafuta. Na katikati, mahali penye kitambi, yupo baba.

Ninyi mnafikiri nilikata shauri haraka, kwa kuwa sasa mnajua mwisho. Nilisimama pale mpaka Landrova ikawashwa. Niliwaza: koti ikianguka Jumatatu, matofali yatavunjwa, na hakuna atakayejua milele. Nitakufa binti ya fundi. Niliwaza hivyo na moyo ukafurahi. Kisha nikaiona mikono yangu. Miaka kumi na mitano ninaipaka nyumba hii. Hakuna mtoto wangu niliyemwogesha mara nyingi hivyo.

"Bwana ofisa," nikasema, "zima gari. Mbithe, lete ndoo ya maji. Kalunde, nipe kipande cha kibuyu."

Nilimwaga maji, nikasubiri kidogo, nikaanza kukwangua kwa ule ukingo wa kibuyu, ambao ni mkali lakini hauumi tofali. Jembe linaumiza, kumbukeni hilo. Udongo mwekundu ukaanguka, kisha wa mwaka jana, kisha wa mwaka juzi. Kwa sababu ya kitambi nilichimba kama mtu anayetafuta maji. Mwishowe kidole changu kikazama kwenye shimo la dole gumba. Nikalifuta. Nikalifuta na la pili.

Onyango aliruka kutoka garini. "Alama! Hii ni alama ya nani?"

"Ya baba yangu, Kimeu."

Kalunde akapiga kigelegele. "Si tuliwaambia! Baba yake alikuwa fundi wa koti!"

"Hakuwa fundi," nikasema. Nilisema nikiutazama ukuta. "Alikuwa mkosaji. Aliuza mbuzi mmoja kwa watu wawili, siku moja, soko hili hili. Na mbuzi mwenyewe alikuwa wa mahari, ameshaahidiwa susu yangu. Wazee wakampa matofali."

 Kisha mtu mmoja nyuma, mzee Mbondo, ambaye hakuwa amecheka tangu mkewe afariki, akatoa sauti kama mfuniko wa sufuria ya uji. "Aiyai! Watu wawili! Mbuzi mmoja!" Na soko lote likaanguka kicheko. Mimi uso ulikuwa unawaka, lakini kibuyu kiko mkononi, nikaendelea.

"Cheka, mzee Mbondo, cheka. Hili hapa lenye mistari mitatu ni la baba yako. Alihamisha mikonge ya mpaka wa shamba, akaipanda hatua tano ndani ya shamba la jirani, kisha akaja kulalamika kwa wazee kwamba mikonge inatembea."

Mzee Mbondo akapenya kati ya watu. Halafu akasogea. Akavaa miwani yake iliyofungwa na uzi. "Mistari mitatu," akasema. "Ndiyo. Ndiyo alama yetu." Akaweka vidole vyake mle.

Hapo soko liligeuka, na hilo sikulitarajia. Nilidhani wataona aibu wakimbie. Badala yake wakaanza kusukumana. "Mama Mutuku, na sisi? Tafuta ya kwetu!" Mmoja babu yake alimpiga karani kwa kiatu cha karani mwenyewe. Wa mwingine alimficha ng'ombe wa shemeji ndani ya chumba cha kulala na kumfunika blanketi. Nilitaja jina, kosa, na mtu aliyekosewa, na kila nilipotaja mjukuu alipiga kelele kama ameshinda bahati nasibu. Onyango aliandika mpaka kalamu ikaisha, Fundi Athumani akampa penseli yake ya sikioni.

Nikafika karibu na mlango, ulio kwenye ukuta ule ule wa magharibi. Hapo alama ni moja tu, mwezi mwandamo na nukta katikati, tofali baada ya tofali, kuanzia chini hadi juu, pande zote mbili. Muli aliyaona kabla yangu.

"Bwana ofisa," akasema, "jua ni kali. Ile soda—"

"Kansela," Kalunde akasema, na mnajua sauti yake. "Huo mwezi na nukta, siyo ule wa mzinga uliotundika dukani?"

Muli alikuwa na mzinga wa gogo wa babu yake, umetundikwa juu ya kaunta, na kila mteja alikuwa ameshasikia jinsi babu yake Ngava alivyokuwa mrina asali mkubwa. Onyango akavuka barabara akiwa na soko zima nyuma. Wakaushusha mzinga. Watu wanne wakaubeba kama mgonjwa, wakausimamisha kando ya mlango. Mwezi na nukta. Mwezi na nukta.

"Kosa lake lilikuwa nini, mama?" Onyango akauliza.

Nilimtazama Muli. Jasho lilikuwa limefika kwenye tai. Nilijua ladha ya lile jasho, lilikuwa langu nusu saa iliyopita. Lakini Jumatatu trekta linakuja.

"Alikuwa mrina asali mkubwa kweli," nikasema. "Ila mizinga haikuwa yake."

Sitaandika kelele zilizotoka pale. Kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini mwizi wa asali! Watu walijishika kwenye miti. Nami nikaongeza upesi, maana sikutaka kummaliza: "Alitumikia misimu mitatu. Na tazameni, hakuna tofali lake hata moja lililolegea. Kansela, bila babu yako koti hii isingekuwa na mlango."

Onyango akauliza, kwa upole kabisa, "Kansela, una maoni gani kuhusu kubomoa?"

Muli hakuwa mjinga. Alitazama mlango, akatazama watu. Akiubomoa sasa, mpaka Kibwezi watasema alikuwa akificha asali ya babu yake. Akalegeza tai, akaweka mkono juu ya tofali.

"Kubomoa?" akasema. "Nani anataka kubomoa kazi ya mzee wangu?"

Trekta lilikuja Jumatatu. Lilituletea mchanga.

Tangu siku hiyo nyumba imeandikwa, na Muli mpaka alipostaafu alihutubia wageni pale mlangoni, kila mwaka babu yake akizidi kuwa fundi. Sikumkatiza hata mara moja. Ningeanzia wapi?

Shida tuliyobaki nayo ni nyingine. Kuna ukoo mmoja hapa, sitautaja ingawa mnaujua, walikuja kwangu watu saba, wamevaa vizuri, wakitaka niwaonyeshe alama ya babu yao. Niliwaambia babu yao hakuwahi kushtakiwa. Wakasema nitafute vizuri. Niliwaambia alikuwa mtu mwaminifu, wa kanisani, hakugombana na yeyote. Walisimama wakaondoka bila kunywa chai, na mpaka leo salamu yao kwangu ni ya kichwa tu.

Basi, mkianza kazi wiki ijayo, kandikeni kuta tatu kama nilivyoeleza. Ule wa magharibi usipakwe. Ongezeni upana wa paa upande ule, maji yasiufikie, na mpanguse vumbi kwa ufagio laini, siyo brashi ya waya, Mbithe awasimamie. Mkifika kwenye yale macho ya bundi, lichunguzeni tofali lenyewe. Halina ufa. Mchanga wa kutosha, mavi ya kutosha, limelazwa siku zake zote. Mbuzi alimuuza mara mbili, sikatai, lakini udongo aliuchanganya vizuri.